Ugoro, Kiko na Sigara: Jani Ni Lile Lile, Madhara Hayafanani

Kila ikifika Mei 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, redio hujaa mawaidha kuhusu sigara. Simu zikifunguliwa, wasikilizaji wa vijijini nao huja na hoja zao. Babu amevuta kiko tangu ujana na bado anashika jembe. Ugoro ni dawa ya mafua, na ya jino pia. Tumbaku ya shambani haina kemikali, kemikali zinatiwa kiwandani. Sisi wa Urambo, Tabora, tumesomesha watoto kwa jani hili, leo mnatuambia ni sumu?

Hoja hizi si za kubezwa. Karibu kila moja ina punje ya ukweli, ndiyo maana hazifi. Kampeni nyingi za afya zimemlenga kijana wa mjini anayenunua pakiti dukani, zikamsahau bibi mwenye kikopo cha ugoro kilichofungwa kwenye pindo la khanga, mzee mwenye kiko, na binti anayechuma majani mabichi alfajiri ilhali hajawahi kuvuta hata pafu moja. Wote hao tumbaku inawaingia mwilini. Inaingia kwa njia tofauti, na njia hiyo ndiyo inayoamua itaharibu nini.

Kilichomo ndani ya jani

Tumbaku ni ndugu wa nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo. Ukoo wao mmoja. Mmea huu hutengeneza nikotini kwenye mizizi, kisha huipandisha kwenye majani ili wadudu wasiyale. Kwa hiyo nikotini ni sumu ya mmea kujilinda, haikutiwa na kiwanda chochote. Wakulima wa sehemu nyingi duniani wamewahi kuloweka majani ya tumbaku na kunyunyizia maji yake kwenye mboga kuua vidukari. Anayesema tumbaku ya bustani ya nyumbani ni salama kwa sababu ni ya asili anasahau kwamba sumu yenyewe ndiyo asili yake. Kiwanda huongeza mengine juu yake, hilo ni kweli, lakini hakikuanza na jani safi.

Majina mengine tuyaweke sawa mapema. Msokoto ni tumbaku iliyokaushwa na kuviringishwa kwa mkono, mara nyingi kwenye kipande cha gazeti au karatasi ya daftari. Kiko kinajulikana. Ugoro ni jani lililokaushwa, likasagwa na kuchanganywa na magadi, kisha likanuswa au kuwekwa chini ya mdomo. Pwani kuna tambuu, ambamo jani la mtambuu hufungiwa popoo, chokaa, katu, na kwa wengi kipande cha tumbaku. Kuberi, inayouzwa katika vifuko vidogo, ni tumbaku ya kuweka mdomoni iliyotiwa ladha. Ndani ya vyote hivi kuna nikotini.

Ukivuta sigara, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi, upesi kuliko sindano ya mkononi. Huko huamsha dopamini, kemikali ya mwili inayomfanya mtu aone raha na kutaka kurudia. Ubongo ukizoea hupanga shughuli zake kwa kuitegemea, na isipokuja mtu hukosa utulivu, huwa mkali, hashiki kazi. Hapo uraibu umekamilika.

Lakini nikotini siyo inayosababisha vifo vingi vya tumbaku, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Fikiria mpiga debe wa stendi. Kazi yake ni kukuita, kukunyang'anya begi, kukubembeleza mpaka upande gari. Gari likipinduka mlimani kwa breki mbovu, aliyekuua si yeye, ila bila yeye usingepanda. Nikotini ndiyo mpiga debe. Gari lenye breki mbovu ni moshi, pamoja na sumu zinazozaliwa wakati jani linakaushwa na kuchachuka. Nikotini yenyewe pia ina makosa yake: hubana mishipa ya damu, huongeza mapigo ya moyo, na kwa mama mjamzito huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kutenganisha wawili hawa kunasaidia kuelewa kwa nini mtu anaweza kujua kabisa kwamba kifua kinaharibika na bado asiweze kuacha.

Mila ya mababu, ila mababu wa lini?

Tumbaku tunayoijua ilianzia Amerika ya Kusini, maeneo ya milima ya Andes. Wenyeji wa huko waliitumia kwa maelfu ya miaka katika ibada na tiba kabla Columbus hajafika visiwa vya Karibi mwaka 1492 na kuwakuta wakivuta. Meli za Wahispania na Wareno ndizo zilizoisambaza. Mwaka 1560 Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, aliipeleka kwenye jumba la kifalme la Ufaransa akiisifu kuwa dawa, na jina lake ndilo lililokuja kuwa nikotini. Wareno walikuwa wamefika pwani yetu tangu safari ya Vasco da Gama ya 1498. Tumbaku ilikuja Afrika kupitia biashara hiyo ya bahari, sawa na mahindi na muhogo.

Kwa hiyo ni mila, na si mila. Ni ya zamani kiasi cha watu kusahau ilikotoka: wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, walikuta watu wa bara wakilima tumbaku, wakiivuta na kuinusa kama zao lao wenyewe. Kwa Wakikuyu ugoro ulikuwa katika heshima za wazee na mazungumzo ya posa. Sehemu nyingine uliingia kwenye matambiko. Sina ugomvi na heshima hizo, ingawa nashangaa jinsi neno "mila" linavyotumika kama cheti cha usalama. Ugali wa mahindi nao ulikuja kwa meli, na hakuna anayesema hautudhuru kwa kuwa babu aliula. Tunasema hautudhuru kwa kuwa hautudhuru.

Kilichobadilika sana ni kipimo. Tumbaku ya kale ililimwa vijaruba vichache nyuma ya nyumba, ikakaushwa juani au darini juu ya jiko, ikasokotwa au kupigwa madonge. Ilikuwa ya wazee, ya jioni, ya baraza. Kiko kiliwashwa, kikazungushwa, kikazimwa. Halafu mwaka 1881 Mmarekani James Bonsack akapata hakimiliki ya mashine iliyoweza kutoa sigara zaidi ya laki moja kwa siku. Kitu kilichohitaji kukaa chini na kutayarishwa kikawa kitu cha kuchomoa mfukoni mara ishirini kwa siku, kwa yeyote mwenye senti.

Kilimo nacho kikabadilika chini ya ukoloni. Songea wakulima waliingizwa kwenye tumbaku ya moshi, inayokaushwa kwa moshi wa kuni, na mwaka 1936 chama chao cha ushirika, NGOMAT, kikaanza. Iringa walowezi walianza tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto lisilo na moshi. Urambo ni kisa cha aina yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikosa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ikaanzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta yalivunjika, mvua zikagoma, ardhi ikawa ngumu kama saruji, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa. Urambo ikaachiwa mashamba yaliyofyekwa bila zao, na zao lililopewa nafasi likawa tumbaku. Mpango wa kuwapatia Waingereza siagi ya mkate ukatuachia sigara.

Mvuke, moshi na magadi

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo mabango hayalielezi, nalo kwa maoni yangu ndilo ufunguo. Mkulima wa Tabora analijua nusu yake tayari, kwa sababu anajua tumbaku ya mvuke na tumbaku ya moshi ni mazao mawili.

Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye bani, banda la kukaushia, ambalo moto wake uko nje. Joto hupita kwenye mabomba, na moshi wa kuni haugusi jani. Wanga wa jani hugeuka sukari na sukari hiyo hubaki. Tumbaku hiyo ikiwashwa hutoa moshi wenye asili ya asidi, mwororo, usiokwaruza koo. Mtu anaweza kuumeza moshi huo hadi chini kabisa ya mapafu bila kukohoa sana. Sigara ya kisasa imejengwa juu ya jani hili.

Tumbaku ya moshi, kama ya Ruvuma, hutundikwa juu ya kuni zinazowaka, na moshi hupenya jani siku nyingi. Jani huwa jeusi, kali, lenye sukari kidogo. Moshi wake, pamoja na ule wa tumbaku nyingi za kienyeji, huelekea upande wa magadi, kinyume cha asidi. Moshi wa aina hii hukwaruza, hivyo mvutaji wa kiko kwa kawaida hauingizi kifuani. Hana haja: nikotini iliyo upande wa magadi hupenya ngozi laini ya mdomo moja kwa moja.

Hapo utaona punje ya ukweli kwenye utetezi wa babu mwenye kiko. Kweli, mapafu yake yanapata moshi mchache kuliko ya mvuta sigara. Lakini sumu imehamia mlango mwingine. Mdomo, ulimi, koo na umio (njia ya chakula) ndivyo vinavyobeba mzigo, na saratani za sehemu hizo humfuata. Halafu kuna jambo la pili: mvuta kiko aliyeanza na sigara, au anayechanganya vyote, huwa amejifunza kuvuta hadi kifuani, na hamezi moshi wa kiko tofauti na alivyozoea.

Bibi zetu wa ugoro waligundua sayansi hiyo hiyo bila maabara. Magadi wanayotia kwenye ugoro ni yale yale ya kulainishia maharage, na kazi yake ni kuifungua nikotini ipite kwenye utando wa pua na wa mdomo. Bila magadi ugoro hauna nguvu, na mtumiaji yeyote atakuambia hivyo. Chokaa kwenye tambuu hufanya kazi hiyo hiyo.

Moshi unapofika kifuani

Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Haijalishi jani lilitoka kiwandani au nyuma ya nyumba. Nyingi ya kemikali hizi huzaliwa papo hapo jani linapoungua. Msokoto wa gazeti huongeza wino na karatasi juu yake, na hauna chujio. Chujio lenyewe si kinga ya maana, kwa sababu hewa yenye sumu hupita, na anayeona sigara ni nyepesi huvuta kwa nguvu zaidi hadi apate nikotini aliyoizoea.

Katika njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia vumbi na makohozi kuyapandisha juu. Moshi huvilemaza, kisha huviua. Makohozi hutuama, vijidudu hupata makazi, na mvutaji huanza siku kwa kukohoa kwa muda mrefu akitema. Baada ya miaka, vifuko vidogo vya hewa hupasuka na kuungana, mapafu hupoteza uwezo wa kusukuma hewa nje, na mtu aliyekuwa akibeba gunia hushindwa kupanda kilima bila kusimama. Huo ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kijijini huitwa pumu ya ukubwani, au "kifua" tu, na mgonjwa huzungushwa kwenye dawa za kikohozi kwa miaka.

Kuna monoksidi ya kaboni pia, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inabeba moshi mahali pa kubeba uhai. Moyo hulazimika kupiga zaidi, na mishipa yake inajeruhiwa. Watu hufikiri tumbaku ni habari ya mapafu tu, ilhali magonjwa ya moyo na kiharusi ni sehemu kubwa ya vifo vyake.

Kwa vijiji vyetu ugonjwa wa kuhofia zaidi pengine ni kifua kikuu. Mvutaji ana hatari ya kuugua TB mara mbili hivi kuliko asiyevuta, na akiugua hupona kwa taabu. Ukiishi mahali ambapo TB ipo, sigara inakufungulia mlango kwa ugonjwa ambao mvutaji wa Ulaya hana haja ya kuuwaza. Kikohozi kikifika wiki mbili, kapime makohozi, hata kama umejizoesha kukiita "kikohozi cha sigara".

Moshi haubaki kwa mvutaji peke yake. Mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alionyesha kwamba wake wasiovuta walioolewa na wavutaji walipata saratani ya mapafu zaidi ya wake wa wasiovuta. Katika nyumba ya chumba kimoja yenye dirisha dogo, ambamo mama tayari anapuliza kuni mafiga yasizime, moshi wa baba unaongezeka juu ya moshi wa jiko. Wapo wanaosema kwa kuwa jikoni kuna moshi wa kuni, sigara haiongezi kitu. Mapafu hayahesabu hivyo. Kila moshi unaongeza deni lake. Tusisahau na mtoto anayetumwa jikoni kuwasha sigara ya baba kwenye kaa la moto. Ili iwake lazima avute. Wengi walianzia hapo, wakiwa wametumwa.

Ugoro hauna moshi, kwa hiyo?

Nchini Kenya utafiti wa kitaifa wa watu wazima wa mwaka 2014 ulikuta wanaume wanaovuta ni asilimia 15.1 na wanawake asilimia 0.8. Ukisoma hapo tu utasema wanawake wamepona. Lakini waliotumia tumbaku isiyovutwa, ugoro na jamaa zake, walikuwa asilimia 5.3 ya wanaume na asilimia 3.8 ya wanawake. Mwanamke anayetumia tumbaku Kenya, basi, kwa kawaida hampulizii mtu moshi machoni. Anatumia kimya kimya, na kliniki ya wajawazito ikimuuliza "unavuta sigara?" anajibu kwa haki kabisa kwamba havuti.

Ugoro haujazi mapafu moshi, hilo ni kweli. Ila jani linapokaushwa na kuhifadhiwa huzalisha nitrosamini, kemikali zinazosababisha saratani hata bila moto. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeweka tumbaku isiyovutwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu: ya mdomo, ya umio na ya kongosho. Popoo nayo imo katika kundi hilo, hata ikitafunwa bila tumbaku. Ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika una saratani ya umio nyingi isivyo kawaida. Sababu zake ni nyingi, tumbaku na pombe zikiwemo.

Vipi kuhusu mafua na jino? Ugoro hukufanya upige chafya, kamasi zitoke na pua ifunguke kidogo. Hiyo ni nafuu ya dakika. Kwenye jino, ukali wake huvuruga maumivu kwa muda huku ufizi ukisinyaa na jino likizidi kulegea. Mjamzito anayetumia ugoro, sawa na anayevuta, humweka mtoto katika hatari ya kuzaliwa na uzito mdogo au kabla ya siku zake.

Jani linalopenya ngozi

Mlango wa tatu hauna hata mtumiaji. Nikotini huyeyuka kwenye maji. Alfajiri jani likiwa na umande, au baada ya mvua, maji yaliyo juu yake huwa na nikotini, na mchumaji anayekumbatia majani kifuani huloa nguo. Ngozi hunyonya. Saa chache baadaye, pengine usiku, huja kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma na mwili kulegea. Kitaalamu ni ugonjwa wa tumbaku mbichi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anayepanda, kuhudumia na kuvuna tumbaku anaweza kunyonya kwa siku nikotini ya kufikia sigara 50.

Dalili zake zinafanana na za malaria, za uchovu wa jua, za sumu ya kupulizia wadudu, hivyo mtu hunywa dawa za malaria na kesho kurudi shambani. Anayeumia zaidi ni mtoto, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na haujazoea nikotini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, lakini msimu wa kuchuma hauangalii kalenda ya shule, na mashamba mengi ni ya familia.

Hapa ndipo ilipozaliwa imani moja inayoonekana kuthibitishwa na macho: kwamba anayevuta sigara hapatwi na ugonjwa wa majani. Ni kweli mara nyingi hapatwi, kwa sababu mwili wake umeshazoea nikotini. Anaipokea ile ile, ila hatapiki. Imani nyingine ni maziwa, kwamba ukinywa glasi baada ya kazi sumu inatoka. Maziwa huenda tumboni. Nikotini iko kwenye damu na imepitia ngozi. Kinachosaidia ni kuchuma majani yakikauka umande, kuvaa nguo ndefu na kitu kisichopitisha maji kifuani, kuvua nguo zilizoloa mara moja na kuoga kwa sabuni. Nguo za shambani zisilale chumbani na watoto.

Mbona basi wanaendelea kulima? Kwa sababu hesabu yao si ya kipumbavu. Mkulima wa tumbaku hupata mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia AMCOS yake, yaani chama cha ushirika wa mazao, na anajua kuna kampuni iliyosaini kununua. Mahindi yakikubali mwaka huu bei huanguka, na hakuna aliyesaini kitu. Msimu wa 2022/23 mavuno ya Tanzania yalipita tani laki moja. Kinachosahaulika kwenye hesabu hiyo ni kazi ya mke na watoto isiyolipwa, kuni za kukaushia zinazokatwa kwenye misitu ya miombo ya Tabora mbali zaidi kila mwaka, na siku za ugonjwa. Migori, Kenya, mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali walianza mradi wa kuwasaidia wakulima wa tumbaku kuhamia kwenye maharage yenye madini ya chuma, huku wakihakikishiwa mnunuzi. Hapo wamegusa penyewe, kwa sababu mkulima hakuwahi kulipenda jani, alipenda soko. Kumhubiria aache bila kumwonyesha mnunuzi mwingine ni kupoteza mate.

Na yule mzee wa miaka 90?

Yupo, na hajatudanganya. Tumbaku huua hadi nusu ya wanaoitumia wasipoacha, maana yake nusu nyingine hufa kwa mambo mengine. Tunamwona aliyebaki kwa sababu amebaki. Wenzake wa rika lake aliokuwa akivuta nao hawaji barazani kutoa ushahidi. Saratani ya mapafu nayo huchukua miaka 20 au 30 kujitokeza. Mgonjwa anayetoka kijijini akafika hospitali za rufaa kama Bugando au Ocean Road mara nyingi hufika ugonjwa umeenea, na wengi hawafiki kabisa. Kaburini huenda na jina la "kifua".

Njia ya kujua ukweli ni kuwafuatilia watu wengi kwa muda mrefu. Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, na matokeo ya miaka 50 yakatolewa 2004. Wavutaji walikufa wastani wa miaka kumi mapema. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa mitatu hivi, aliyeacha na 50 sita, na aliyeacha na 30 karibu yote. Kwa hiyo msemo wa "nimeshazeeka, niache ili iweje" hauna msingi.

Wala kupunguza si sawa na kuacha. Anayevuta sigara moja tu kwa siku hubaki na karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo aliyonayo mvutaji wa ishirini, kwa sababu mishipa ya damu hushtuka hata kwa moshi kidogo. Ndiyo maana sigara ya rejareja, moja moja dukani, ni mtego mbaya kuliko inavyoonekana. Sheria ya Kenya ya 2007 inaipiga marufuku, ingawa ukipita vibandani utadhani haijaandikwa.

Siku ya kwanza hadi ya saba ndizo ngumu zaidi kwa anayeacha. Usingizi hukatika, hasira huja bila sababu, hamu ya kula huongezeka, na kikohozi kinaweza kuzidi kwa muda kwa kuwa vile vinyweleo vya njia ya hewa vinaanza kufanya kazi tena. Wengi huona kikohozi hicho wakadhani mwili unakataa kuacha, wakarudi. Hamu ikipanda ghafla hudumu dakika chache tu, kisha hushuka, iwe umevuta au hujavuta. Kufikia wiki ya nne dalili nyingi huwa zimepungua. Monoksidi ya kaboni hutoka kwenye damu ndani ya siku moja au mbili, na baada ya mwaka hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa nusu.

Mtumiaji wa ugoro anaweza kujikagua mwenyewe kwa kioo na mwanga wa mlango. Avute mdomo aangalie pale anapouweka. Utando mweupe uliokunjamana mara nyingi hupotea wiki chache baada ya kuacha. Kidonda kisichouma lakini kisichopona, uvimbe mgumu, au doa jekundu linalovuja damu, vikizidi wiki mbili au tatu, vinahitaji hospitali ya wilaya, na daktari aambiwe wazi kwamba ni ugoro, kwa sababu huenda asiulize.